Kikombe Kilichogeuzwa

Yeoville, Johannesburg
9 Oktoba 2016

Yaya Victorine,

Dada yangu, kwa kuwa simu za kijijini Mukalanga hazishiki tena, barua hii nimempa dereva wa lori anayerudi Lubumbashi. Ataiacha kwa baba pasta, na baba pasta atatafuta mtu wa kuifikisha huko kwetu. Ukiipokea imefunguliwa nijulishe, nijue namna ya kuandika siku nyingine.

Mimi ni mzima. Kazi ya ukarani kule Midrand naendelea nayo. Naandika mizigo inayoingia ghalani na inayotoka, na wakubwa wananiita Congo kwa sababu jina langu linawachosha. Ndani ya taksi sifungui mdomo. Nikiulizwa kitu kwa Kizulu, nashika shavu kama mtu anayeumwa jino. Wenyeji wana neno lao kwa ajili yetu, makwerekwere, na wanalitamka kama mtu anayetema ganda la muwa. Mwaka jana walichoma maduka ya wageni na watu walikufa. Mama usimsomee sehemu hii.

Si wote. Msimamizi wa jengo letu ni mzee wa Kizulu, Bab' Mkhize, ananichekea kwamba natembea kama mwenye benki na viatu vimetoboka. Jumapili alinisimulia juu ya mama yake, aliyewapikia Wazungu wa Houghton maisha yake yote. Kikombe chake na sahani yake vilikuwa vya bati na vilikaa chini ya sinki, karibu na chombo cha mbwa. Siku moja Mkhize, akiwa mtoto, alikunywa maji kwa glasi ya kabatini. Mama wa Kizungu hakupiga kelele. Aliichukua ile glasi, akaitupa kwenye pipa mbele yake.

"Hakukasirika, karani," aliniambia. "Angekasirika ningesahau."

Yaya, nilimkasirikia yule mwanamke utadhani nilikuwepo. Nilimwambia mzee kwamba watu wa namna hiyo hawana roho.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimemwona Gaël. Ndiyo, Mtwa wetu, mtoto wa Senga wa msituni anayetulimia mashamba, yule ambaye baba alimpa jina kwa sababu padri Mfaransa alilala kwetu siku aliyozaliwa. Analinda mlango wa duka la nywele hapa Rockey Street, ana koti la kung'aa na rungu. Aliponiona aliinuka kwenye kiti, akasimama akisubiri, kama wanavyosimama kwetu mtoto wa mwenye lupango, bwana wa mashamba, anapopita. Nilimwambia akae. Nakiri kwamba nilichelewa kidogo kumwambia.

Hapa hakuna anayejua kuwa ni Mtwa. Wanamhesabu Mluba wa Nyunzu. Amemwoa Denise, binti wa Manono, Mluba kweli, na Denise ana mimba. Alinishika mkono akaniambia, "Mwana wa bwana, ukinitaja mimi sitaishi." Nimemwapia kwa kichwa cha mama. Anayemwogopa zaidi ni François, fundi cherehani, mkubwa wa chama chetu cha watu wa mkoa wetu wa Tanganyika. François anasema mkoa wetu ni mchanga na unahitaji viongozi wapya, yaani yeye. Ananipenda kwa sababu naandika Kifaransa na Kiingereza kizuri, basi naogopa hata kupendwa naye.

Mwambie mama kikombe alichonipa ninacho, cha bati chenye ua la buluu. Kila nikinywa, namkumbuka akinywa kwa kikombe chake, pacha wa hiki.

Mdogo wako,
Elisée


Mukalanga
20 Novemba 2016

Mdogo wangu Elisée,

Barua ilifika haijafunguliwa, ila inanuka dizeli.

Huku hakuko sawa. Ilianza na viwavi, wale wa kula. Msimu huu Watwa waliokota viwavi msituni wakakataa kutuletea sisi Waluba fungu letu. Walisema fungu hilo ni la nini, kama msitu ni wao na miguu ni yao. Sasa wanadai walipwe kwa kulima mashamba yetu, tena wawe na mtu wao kwenye baraza la kijiji. Baba alicheka. Alisema Wabelgiji waliwaandika Watwa chini ya majina ya babu zetu, na uhuru haukufuta maandishi hayo.

Kulikuwa na mkutano pale shuleni ninapofundisha. Senga alisema maneno mengi, akapata kiu, akachukua kikombe cha mama kilichokuwa mezani akanywa. Unajua wanavyokunywa siku zote, kwa kibuyu chao kinachoning'inia nje. Watu waligeuka kumtazama baba. Baba aliinuka, akakichukua kikombe, akakigeuza mdomo chini juu ya udongo mbele ya wote, kikae hivyo mpaka jua lizame, ndipo kipitishwe kwenye moto. Si jambo geni. Tumelifanya sote tangu utoto. Lakini Senga hakuondoka. Alimwambia baba, "Babu yako alijificha kwetu msituni wakati wa watu wa bunduki, wale waliotoka ziwani kukamata watumwa. Alikunywa kwa kibuyu chetu. Hatukukigeuza."

Vijana walimzomea mpaka akatoka. Tangu siku ile hakuna Mtwa aliyekanyaga shamba la mtu, na kila upande unachonga mishale. Baba anatoka sana. Haniambii aendako.

Wewe ulimwambia mzee wa Johannesburg kwamba watu wa namna ile hawana roho. Nilimsomea mama maneno hayo. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Kiapo chako juu ya Gaël ukitunze. Mtoto yule alinivusha mto mgongoni mwake nilipokuwa na homa. Asije akafa kwa mdomo wetu.

Yaya wako,
Victorine


Kalemie, kambini
28 Januari 2017

Elisée,

Baba hayupo.

Watwa waliingia Mukalanga alfajiri. Walichoma mapaa kwanza, na watu walipotoka walikutana na mishale ya sumu. Walimkuta baba karibu na shule. Walianza na mikono yake, kisha miguu, na walimwacha hai akiyaona. Mtoto wa jirani alichomwa mshale wa shingo akiwa amenishika sketi, akanivuta chini pamoja naye. Mukalanga ni majivu. Mama yuko nami hapa chini ya turubai. Haongei.

Mfanyie baba matanga huko. Huku hatukumzika.

Victorine


Midrand
5 Machi 2017

Yaya Victorine,

Barua ya msiba ilinifikia, na Mungu akuzidishie nguvu uliyoniandikia nayo.

Matanga tuliyafanya Jumamosi ya tarehe 25 Februari, kwa François, ndani ya duka lake la ushonaji. Walisogeza vyerehani ukutani wakatandika mikeka. Watu walikuja wengi, nyimbo ziliimbwa. Mji ulikuwa umechafuka. Ijumaa wenyeji waliandamana dhidi ya wageni, maduka yakavunjwa, hata Jumamosi moshi ulikuwa ukionekana upande wa Jeppestown. Mimi sikuguswa.

Nimehama Yeoville. Nalala kwa Ogutu, Mkenya anayefanya kazi benki, ana chumba cha nyuma hapa Midrand. Ni karibu na ofisi. Tafadhali barua ziletwe huku, usitume tena Yeoville.

Kikombe cha mama hakipo. Kilipotea katika zile vurugu.

Mvua zinanyesha. Mama anakula? Sina habari nyingine.

Mdogo wako,
Elisée


Kalemie, kambini
12 Machi 2017

Mdogo wangu,

Ile barua ya msiba niliiandika kama mtoto wa baba. Hii naiandika kama mtu aliyeona.

Kabla Watwa hawajaja kwetu, sisi tulikwenda kwao. Baba na vijana waliondoka na galoni, wakafika makao yao watu wakiwa wamelala. Walifunga milango kwa kamba kutoka nje. Baba ndiye aliyebeba petroli. Aliporudi alinawa mikono kwa maji niliyomchotea, nywele za mikono yake zikiwa zimeungua, na mimi sikumuuliza kitu. Mke wa Senga alikuwa ndani ya nyumba mojawapo. Mama yake Gaël, Elisée. Ndiye aliyenifundisha kusuka mikeka.

Na asubuhi ile walipotuvamia, ni Senga aliyetutoa jikoni, mama na mimi. Alitulaza chini ya majani, akasimama juu yetu na upinde wake, akawaambia wenzake kwamba hapo amekwisha kupekua. Halafu alituongoza msituni kwa siku nyingi mpaka barabara ya Kalemie. Nilimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba mama aliwahi kuja kwake kumpa pole alipofiwa na mtoto, akaketi chini. Basi.

Sasa anakuja huku kambini kwa siri, Waluba wasimwone, anakaa mbali kidogo na turubai letu. Mama haongei na mtu isipokuwa yeye. Mzee mwenyewe anauliza jambo moja tu: mwanawe. Nimemwambia Gaël ni mzima, ana mke, karibu atakuwa baba. Mzee yule alicheka, baada ya yote hayo alicheka, akafunika mdomo kwa mkono.

Mwambie Gaël kwamba baba yake yu hai. Ya mama yake mwambie polepole, na jina la aliyebeba petroli nitalitaja mimi mwenyewe, usilitaje wewe. Kisha niletee neno moja kutoka kinywani mwake, nimpe mzee.

Yaya wako,
Victorine


Yeoville, Johannesburg
24 Februari 2018

Mama Victorine mheshimiwa, binti wa shujaa,

Hatujuani kwa sura, lakini damu inajuana. Mimi ni François, mkubwa wa chama cha watu wa Tanganyika hapa Johannesburg. Matanga ya marehemu baba yako yalifanyika chini ya paa langu.

Kesho tunatimiza mwaka tangu wabaguzi wa nchi hii walipomchoma moto ndugu yetu Gaël, Mluba safi wa Mukalanga, jioni ile ile ya matanga ya baba yako. Walimvisha tairi shingoni. Muuaji wake, mzee mmoja Mzulu aitwaye Mkhize, alikutwa juu ya maiti na mikono imeungua, yuko gerezani akingoja hukumu. Vijana wangu walitoa ushahidi bila woga. Mjane tunamtunza sisi, na mtoto nimempa jina langu.

Mdogo wako Elisée ni kijana wa haya, lakini ana kalamu. Ile hotuba niliyoitoa Newtown mbele ya waandishi wa habari yeye ndiye aliyeiandika, na mpaka leo watu wanaitaja: "Babu zetu walifungwa minyororo. Mama zetu walipewa kikombe cha bati, kikawekwa chini ya sinki pamoja na cha mbwa. Sisi tumevishwa tairi. Mkono ni ule ule." Wazungu walilia, Mama Victorine. Niliwaona.

Mwaka huu kuna uchaguzi, nami narudi nyumbani kugombea bunge la mkoa. Naomba unisemee hapo kambini. Sera yangu ni fupi: nchi kwa wenye nchi. Hatuwezi kukubali ubaguzi wa Johannesburg, wala hatuwezi kukubali watumwa wa babu zetu watutawale.

Wako katika mapambano,
François


Kalemie, kambini
20 Machi 2018

Elisée,

Barua zangu hukuzijibu mwaka mzima. François amenijibu badala yako. Barua yake naiambatanisha, uisome.

Mluba safi?

Mkhize ni yule ambaye mama yake aliwekewa kikombe chini ya sinki? Yule aliyekuchekea viatu? Na maneno yake aliyokupa kama rafiki, ni hayo uliyompa François?

Kila mwezi Senga anakuja na kuuliza. Nilimwambia mwanawe ana shughuli nyingi. Nilimwambia amepanda cheo. Mwezi uliopita aliniletea asali nimtumie mjukuu. Nimekuwa mwongo kwa mtu aliyesimama juu yangu na upinde.

Nani alimuua Gaël? Na usinijibu kama karani.

Victorine


Midrand
8 Aprili 2018

Yaya,

Sitakujibu kama karani.

Siku ya matanga nilizungusha kikombe cha mama, kama ilivyo desturi yetu, kila aliyekuja anywe maji ya mfiwa ili machozi yawe ya wote. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilikuwa nimeisoma mpaka mikono ya baba ilikuwa mbele ya macho yangu hata nikiyafumba. Gaël aliingia na Denise. Denise akapita nyuma kwa wanawake waliokuwa wakipika. Gaël alisimama mlangoni, na François akamwita kwa sauti, "Mluba mwenzangu, sogea, unywe na mfiwa." Vijana wakampisha njia.

Nilimpa kikombe. Aliniangalia kwanza, kama anayeomba ruhusa, nami nikaitikia kwa kichwa. Alikunywa, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema pole.

Nami nikakigeuza, mdomo chini, juu ya saruji.

Nimejiuliza mwaka mzima kama ni mkono tu uliofanya, kwa mazoea ya tangu utotoni, au kama ni mimi niliyeutuma. Sijui, yaya. Ningejua ningekuandikia mapema. Najua tu sauti ya bati kwenye saruji, na kwamba nyimbo zilikatika.

François ni mtu wa Nyunzu, desturi hii anaijua. Alitazama kikombe, halafu akamtazama Gaël, halafu mimi. Aliniuliza mimi, si Gaël. "Mtwa?"

Ningeweza kusema kimeniponyoka. Hilo tu lilihitajika. Nilitazama chini, na kwetu kutazama chini ni jibu.

Gaël hakukimbia. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu, "Mwana wa bwana, kiinue."

Sikukiinua.

Mmoja alimpiga kwa pasi ya chuma kwenye taya, na meno yakaruka juu ya mkeka wa matanga ya baba. Walimfunga mdomo kwa kitambaa cha suti. Denise alikuwa akiimba na wenzake kule nyuma, walikuwa wameanza wimbo mwingine. François hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema, "Jana wenyeji wamechoma. Leo nani atauliza?" Akawaambia wafanye kama wenyeji wanavyofanya.

Walimshusha mpaka kiwanja kitupu upande wa Bertrams, jua likiwa bado linawaka. Mimi nilitembea nyuma. Waliniambia pigo la kwanza ni la mfiwa, wakanipa chuma cha cherehani. Sikupiga. Nilikishika tu, na baadaye nikagundua nimekishika muda wote. Wao walipiga. Walimvunja magoti kwanza ili asisimame, wakapiga mikono mpaka ikalegea kama nguo, kwa sababu nilikuwa nimewasomea barua yako na walitaka iwe sawa na ya baba. Wapita njia walivuka barabara. Waliona watu wakimpiga mtu, siku kama zile, hawakutaka kujua ni nani na nani. Kisha wakaleta tairi. Kitambaa kiliungua kabla ya yeye kufa, basi nilisikia. Aliniita jina langu la nyumbani. Hakuita jingine.

Tulikimbia. Nikageuka mara moja, nikamwona Bab' Mkhize anashuka kilima na blanketi, peke yake, mzee yule, anajitupa juu ya moto. Alikuwa akizima kwa viganja. Polisi walipofika walimkuta hapo, mikono imeungua, Mzulu juu ya maiti ya mgeni, katika wiki ile. Hawakuhitaji kufikiri zaidi. Vijana wa François wakaapa kwamba walimwona akiwasha.

Barua yako kuhusu Senga na petroli ilinikuta hapa kwa Ogutu, mwezi mmoja baadaye. Niliisoma nimesimama. Jioni hiyo hiyo François alikuja na gari kunitaka nimwandikie hotuba, akaniuliza kama kibali changu cha ukimbizi bado ni halali, akatabasamu. Niliandika. Nilipofika mahali pa kikombe cha bati kalamu haikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Uliniuliza nani alimuua. Sasa nikueleze nilichofanya baada ya kupokea barua yako ya mwisho.

Nilikwenda kwa Denise. Nilimweleza yote, mlango ukiwa wazi ili nikimbie, uniamini, ndivyo nilivyo. Hakunipiga. Aliniuliza kama Gaël alikuwa amekunywa maji yote au alibakiza. Sikuelewa swali, lakini nikamjibu kwamba aliyamaliza. Alimwinua mtoto kitandani akaniambia, "Huyu anaitwa François. Nipe jina la babu yake." Nikampa. Alilirudia mara mbili, Senga, Senga, kama anayejaribu kiatu, akaniambia niondoke na nisirudi.

Kutoka pale nilikwenda polisi. Yule mpelelezi alinicheka mwanzoni. Hakuweza kuelewa jinsi watu weusi wa lugha moja, kijiji kimoja, wanavyouana kwa sababu ya kikombe. Nilimwambia awaulize wazee wa kwao walikunywea wapi. Aliacha kucheka, akavuta kiti. Nimetaja majina yote, na langu nimeliweka la kwanza. Wananiita mahakamani mwezi ujao. François amekwisha kuondoka, yuko njiani kuja huko kwenu, lakini vijana wake wapo, na jana mmoja alisimama ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, mbele ya ofisi yetu mpaka nilipotoka. Alijifuta mdomo kwa kidole gumba, akaenda zake.

Msomee Senga barua hii. Yote, yaya, usiruke. Mwambie inatoka kwa Elisée, na kwamba namwita baba Senga, ingawa najua nimelichelewesha jina hilo kama nilivyochelewa kumwambia mwanawe akae.

Elisée


Kalemie, kambini
17 Januari 2019

Elisée,

Nimekawia kukujibu kwa sababu sikujua nitaandikaje alichofanya Senga.

Ogutu alinitumia habari zako kwa baba pasta. Najua kwamba Mkhize ametoka gerezani na vidole vyake havikunjiki. Najua kwamba vijana watatu wamefungwa na wewe pia umefungwa, na kwamba ulipochomwa kisu mle ndani ulipona. Najua mzee Mkhize alikuja kukutazama hospitali, akakaa kidogo, akaondoka. Huyo ni mwema kuliko tunavyostahili, lakini si yeye uliyeniagiza kwake.

Nilimsomea Senga mwezi wa tano, mchana, mama akiwa ameketi kando. Sikuruka. Nilipofika kwenye kikombe alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Alitaka nirudie tena. Nilipofika kwenye jina ulilomwita, sikuona uso wake ukibadilika. Nilipomwambia mjukuu wake anaitwa Senga aliinama, akakaa ameinama.

Mama alitia maji kwenye kikombe chake, pacha wa kile. Alimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili. Mzee alipokea. Alikunywa polepole, mpaka tone la mwisho, akamtazama mama. Kisha akakigeuza mdomo chini juu ya udongo mbele yetu, akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo mpaka jua lilipozama. Hakukipitisha kwenye moto. Aliinuka akaenda msituni, na hajarudi tena.

Mama hakutaka kiinuliwe. Kilibaki pale njiani, watu wa kambi wakikizunguka.

Wiki kabla ya uchaguzi François alikuja kuhutubia hapa. Alisimama juu ya gari, akasema juu ya minyororo, na tairi, na kikombe cha chini ya sinki, neno kwa neno kama ulivyomwandikia, halafu akasema nchi kwa wenye nchi, na watu wetu waliolala njaa mwaka mzima wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. Amechaguliwa. Sasa ni Mheshimiwa. Wanasema wiki iliyopita makao mengine ya Watwa yamechomwa, na milango ilikuwa imefungwa kutoka nje.

Siku ile ya hotuba, mmoja wa walinzi wake alikipiga kikombe teke kikabiringika miguuni mwa watu. Mama aliingia katikati yao, akainama, akawa anawasukuma mmoja mmoja magoti mpaka alipokiona. Alikirudisha pale pale, mdomo chini, akaketi kando yake kwenye udongo.

Victorine